Kilo na vichwa

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mtu mwenye dhamiri safi. Nilikuwa nimeacha nyama ya ng'ombe. Nilisoma kuhusu methani, gesi anayoitoa ng'ombe na inayoipasha dunia joto, nikasoma kuhusu misitu inayofyekwa ili ng'ombe wapate malisho, nikaona haya, nikaacha. Sikumhubiria mtu, nilikuwa tu yule mwenzenu wa kuchosha mezani, anayetaja asilimia wakati wengine wanatafuna. Pengo la ng'ombe nikaliziba kwa kuku. Karibu kila aliyeandika kuhusu tabianchi alinishauri hivyo: kama kuacha nyama kabisa kumekushinda, hama kwa ng'ombe uende kwa kuku. Nikahama, nikalala usingizi mzuri.

Usingizi huo uliharibika siku nilipokuwa napitia daftari la matumizi ya nyumbani. Neno "kuku" lilikuwa limejirudia wiki baada ya wiki, ukurasa baada ya ukurasa, nikajiuliza ni kuku wangapi hasa. Ng'ombe mmoja, kwa wastani wa dunia, akishachinjwa na kuchunwa hutoa nyama yenye mifupa yake ya kilo mia mbili na ushei. Kuku wa nyama aliyekwisha nyonyolewa na kutolewa matumbo hafiki kilo mbili. Gawanya mwenyewe. Ng'ombe mmoja ni kuku zaidi ya mia. Zamani, kwa ulaji wangu, ng'ombe mmoja angenitosha miaka mingi. Sasa, kwa ajili ya kuisafisha dhamiri, nilikuwa namaliza roho moja karibu kila wiki.

Nikachora safu mbili kwenye daftari. Juu ya moja nikaandika "kilo", yaani kilo za gesijoto, zile gesi zinazoipasha dunia joto. Juu ya nyingine nikaandika "vichwa". Kila nilichopunguza upande wa kwanza kilijitokeza upande wa pili, kama maji ya kwenye puto: ukibonyeza huku yanavimba kule.

Nianze na ng'ombe, maana ndiye mshtakiwa mkuu, na mashtaka yake mengi ni ya kweli. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana kipaji ambacho sisi tumenyimwa: wanakula visivyolika. Nyasi kavu, mabua, majani yenye nyuzi ngumu kama kamba. Tumbo lao la kwanza ni pipa la kuchachushia, lina vijidudu visivyo na idadi vinavyovunja nyuzi hizo, na baadhi ya vijidudu hivyo hutoa methani. Watu hupenda kutania kuhusu ushuzi wa ng'ombe, lakini wanamkosea. Gesi hiyo karibu yote hutoka mdomoni, kwa mbweu, wakati amelala chini ya mti akicheua kwa utulivu kama mzee aliyemaliza shughuli zake. Ng'ombe mmoja huweza kutoa kilo 70 hadi 120 za methani kwa mwaka. Methani haikai sana hewani, miaka kumi na miwili hivi, ila ikiwa huko ni kali: ukipima kwa kipindi cha miaka 20, tani moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema mwaka 2006 kwamba mifugo inachangia asilimia 18 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2013 likasema asilimia 14.5. Mwaka 2023 likasema 12. Wapo wanaozishika tofauti hizo na kuzipunga kama ushahidi kwamba hakuna anayejua chochote. Mimi naona ni mbinu za kuhesabu zilizobadilika, na hata nikichukua ile ndogo kuliko zote, bado ni karibu sehemu moja katika kila nane. Si jambo la kupuuza.

Utafiti ulionihamisha kutoka kwa ng'ombe ulikuwa wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2018. Walikusanya taarifa za mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119. Wakapata kwamba gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama hugharimu hewa, kwa wastani, kilo 50 za gesijoto. Protini hiyohiyo ikitoka kwa kuku ni kilo 6 hivi. Ikitoka kwa njegere, haifiki nusu kilo. Wakapata pia kwamba vyakula vyote vinavyotokana na mifugo hutupatia asilimia 18 ya kalori na asilimia 37 ya protini, huku vikikalia asilimia 83 ya ardhi yote ya kilimo. Takwimu hiyo ya ardhi ndiyo iliyonikaa kichwani. Msitu wa Amazon haufyekwi kwa sababu watu wa huko wana chuki na miti. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa iligeuzwa malisho ya ng'ombe.

Lakini haki itendeke, hata kwa mshtakiwa. Mmewahi kusikia kwamba kilo moja ya nyama ya ng'ombe hula lita 15,400 za maji. Nimeirudia mwenyewe mezani, kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Baadaye nikagundua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua iliyonyeshea malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, mvua ambayo ingenyesha hapohapo hata kama ng'ombe asingekuwepo. Ni namba ya kweli inayotumiwa kusema uongo. Vilevile, timu iliyoongozwa na mtafiti wa FAO ilionyesha mwaka 2017 kwamba asilimia 86 ya chakula cha mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hali: nyasi, majani, mabua, mashudu, pumba. Kuna ardhi kubwa ya mawe na ukame ambako huwezi kulima mahindi wala njegere, na mbuzi anaikwea na kurudi na maziwa. Anayesema mifugo yote inamnyang'anya binadamu chakula hajawahi kuona mbuzi akila.

Ila kuna jambo moja kuhusu ng'ombe lililoniuma zaidi ya takwimu zote. Ng'ombe anayezunguka malishoni, anayekula nyasi na kulala kwenye kivuli na kumlamba ndama wake, hukua polepole. Huchukua muda mrefu zaidi kufikia uzito wa kuchinjwa kuliko yule aliyefungiwa na kushindiliwa nafaka. Muda mrefu maana yake mbweu nyingi. Kwa hiyo, kwa kawaida, ng'ombe aliyeishi maisha mazuri zaidi ndiye ambaye kila kilo yake imechafua hewa zaidi. Niliposoma hilo nilifunga daftari nikaenda kuoga.

Sasa tuje bandani.

Nina rafiki anayefuga kuku wa nyama. Simtaji, na kampuni inayomuuzia vifaranga siitaji, maana ndiyo hiyohiyo inayomuuzia chakula na ndiyo hiyohiyo inayonunua kuku kwa bei inayoipanga yenyewe, na yeye katikati ana mkopo. Nilimwomba anitembeze. Nilitarajia ukatili, nikakuta usafi. Banda refu, maranda mapya sakafuni, mabomba ya maji yanayodondosha tone kwa tone, feni zinazunguka. Hakuna aliyekuwa akipiga mtu wala mnyama. Tulikuwa siku ya thelathini na tano tangu vifaranga walipoingia, na sakafu yote ilikuwa nyeupe, kuku kwa kuku, kama mtu amemwaga pamba.

"Mbona wote wamelala?" nikauliza.

"Hawajalala, ndugu yangu," akasema. "Wamechoka kujibeba."

Alisema kama anavyosema mtu kuhusu mvua. Nilipiga hatua mbele, wale wa karibu wakajaribu kunipisha. Waliinuka, wakaenda hatua mbili tatu wakitanua miguu, wakaketi tena. Walikuwa na sauti ya vifaranga. Hilo sikulitarajia: mwili wa kuku mkubwa, sauti ya kifaranga. Maana ni vifaranga kweli. Kuku akiachwa aishi huweza kufika miaka mitano, hata minane. Hawa walikuwa na wiki tano na walibakiza siku chache.

Kilichowafikisha hapo si dawa za kukuza wala sindano za homoni, kama wengi wanavyoamini. Ni mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walichapisha jaribio mwaka 2014: walichukua kuku wa ukoo uliohifadhiwa bila kuboreshwa tangu 1957, wa ukoo wa 1978, na wa ukoo wa 2005, wakawalisha chakula kilekile. Wakiwa na siku 56, wa kwanza walikuwa na gramu 905. Wa pili kilo 1.8. Wa tatu kilo 4.2. Chakula kimoja, siku zilezile, na mwili zaidi ya mara nne. Moyo na miguu havikukua kwa kasi ya kidari. Ndiyo maana wengine huanguka ghafla moyo ukasimama, na wengine hawafiki penye maji.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Hawakumwona kuku huyu, anayeelemewa na kidari chake mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo rafiki yangu alinieleza tukiwa tumetoka nje, akinawa mikono. Wazazi wa vifaranga hawa, yaani majogoo na matetea wa kuzalishia, wana mbegu ileile ya kula na kunenepa. Wakiachwa wale washibe, hunenepa hadi wakashindwa kuzaa, wengine wakafa. Kwa hiyo hupimiwa chakula maisha yao yote, wakakaa na njaa makusudi. Tumemtengeneza mnyama ambaye akishiba anakufa na asiposhiba anateseka, na hakuna mtu aliyekaa kitako akaamua iwe hivyo. Ilikuja gramu kwa gramu.

Nikirudi nyumbani nilikuwa nawaza jambo la ajabu kidogo, la sarufi. Lugha yetu humpa kuku upatanisho uleule wa mtu: mtoto huyu amelala, kuku huyu amelala. Hatusemi "kuku hii imelala" tukiwa tunamwangalia akipumua. Lakini akishaingia sufuriani tunasema nyama hii imeiva. Mahali fulani kati ya kisu na moto, "huyu" amekuwa "hii". Mnyama akivuliwa m, hubaki nyama. Lugha nyingine zimemfichia mlaji jambo hili kwa kumpa ng'ombe jina moja zizini na jina jingine kabisa mezani. Yetu haifichi, inasema wazi nyama ya ng'ombe, nyama ya kuku, na sisi tunaikosa maana yake kwa sababu tunaisema kila siku. Tena neno "kuku" lenyewe halina wingi wa kuonekana. Kuku mmoja, kuku bilioni 70: ni lilelile. Na si mfano wa kuzidisha chumvi. Kila mwaka duniani huchinjwa kuku zaidi ya bilioni 70. Ng'ombe ni milioni 300 hivi.

Sasa turudi kwenye ushauri nilioufuata. Kama dunia nzima ingenisikiliza mimi wa mwaka ule, ikaacha ng'ombe wote wale milioni 300 na kuziba pengo kwa kuku, tungehitaji kuongeza karibu kuku bilioni 40 kila mwaka. Hewa ingepata nafuu, hilo sipingi. Lakini hao bilioni 40 wangekaa wapi? Umoja wa Ulaya, ambao sheria zake ni kali kuliko za wengi, huruhusu mfugaji aliyetimiza masharti yote kufika kilo 42 za kuku walio hai katika mita moja ya mraba. Chukua kuku wa kilo mbili na robo. Ni kuku kumi na wanane au kumi na tisa kwenye eneo ambalo mimi nikijilaza lazima nikunje magoti.

Mwaka 1965, kamati ya serikali ya Uingereza chini ya Profesa Brambell iliandika kwamba mnyama wa kufugwa anastahili angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Ni fupi mno. Wala haisemi lolote kuhusu furaha. Na bado kulikuwa na haja ya kuiandika, na miaka sitini baadaye sehemu nyingi haijatimizwa. Nguruwe sijawahi kumla, kwa hiyo hayumo kwenye deni langu, lakini jike lenye mimba linalofungiwa kwenye kizimba cha vyuma linashindwa jambo la tatu katika orodha: haliwezi kugeuka.

Nikakimbilia mayai. Niliona huko hakuna kifo. Dakika kumi za kusoma zilinitosha. Kuku wa mayai na kuku wa nyama ni koo mbili tofauti. Jogoo wa ukoo wa mayai hatagi na hanenepi, kwa hiyo hana soko. Huuawa siku anapoanguliwa, kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Inakadiriwa ni vifaranga bilioni 7 kwa mwaka. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022, na sasa huko hutazama jinsia yai likiwa bado halijaanguliwa. Kwingine kukubwa mambo ni yaleyale. Maziwa nayo, ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa ana bahati kama ya yule jogoo, ila yeye hucheleweshewa.

Wala msiniambie nihamie samaki. Samaki wa baharini wanaovuliwa kwa mwaka wanakadiriwa kuzidi trilioni moja. Safu yangu ya vichwa ingehitaji daftari jipya.

Hapa kuna swali ambalo ni halali, na dada yangu aliniuliza bila kunibembeleza: "Kwani kichwa cha kuku ni sawa na kichwa cha ng'ombe?" Sijui kupima hilo, na sijaona aliyelipima nikaridhika. Ng'ombe humkumbuka ndama aliyetenganishwa naye na humlilia kwa siku kadhaa. Kuku ana mpangilio wake wa nani amtangulie nani kwenye chakula, anawajua wenzake kwa sura, na tetea ana mlio mmoja wa kuwaitia vifaranga chakula na mwingine wa kuwaonya juu ya mwewe. Nani anaumia zaidi? Nilichoweza kumjibu dada ni kwamba hata kama ungesema kuku ni sehemu moja ya kumi ya ng'ombe, hesabu bado inakataa, kwa sababu kuku si kumi, ni zaidi ya mia.

Lakini swali lake lilinifanya niongeze safu ya tatu. Nikaandika "siku". Si mnyama alikufa au hakufa, maana wote hufa. Ni siku ngapi aliishi, na zilikuwa siku za namna gani. Kuku wa rafiki yangu: siku arobaini, nyingi zake mbaya, za mwisho mbaya zaidi. Ng'ombe wa malishoni: siku mia sita, mia saba, hata elfu moja, nyingi zake za kawaida, na siku moja ya mwisho. Gawanya siku mbaya kwa kila sahani ya nyama, ndipo utaona kwa nini nilifunga daftari kwa mara ya pili.

Kuhusu hiyo siku ya mwisho, nina la kusema, kwa sababu mimi si mtu wa kuzimia nikiona damu. Nilikuwa mtoto nilipoanza kushika miguu ya mbuzi wakati mtu mzima ameshika kisu, na nilipokua kisu kikahamia kwangu. Nilifundishwa mambo mawili: kisu kiwe kikali kupita kiasi, na mnyama asikimbizwe. Nilidhani la pili ni huruma tu. Kumbe limeandikwa ndani ya nyama. Misuli ya mnyama huhifadhi sukari. Akifa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi, na asidi ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuifanya ikae bila kuharibika haraka. Mnyama aliyesafirishwa muda mrefu, aliyepigwa, aliyeogopa usiku kucha, huwa amekwisha kuichoma sukari yote kabla ya kisu. Nyama yake hutoka nyeusi, kavu, ya kunata, na huoza upesi. Wataalamu wa machinjio wanaijua, na wanaikata bei. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mateso ya mnyama huacha maandishi ambayo mfanyabiashara analazimika kuyasoma. Kwa kuku wa bandani maandishi kama hayo ni vigumu mlaji kuyaona. Kuku aliyeshindwa kutembea wiki nzima huweza kuwa na nyama laini, nyeupe, inayopendwa na watoto.

Nikiwa hapo kwenye machinjio, niseme na hili: kuna binadamu wamesimama pale. Mtu anayechinja mnyama mmoja kwa mwezi na mtu anayesimama kwenye mstari unaopitisha kuku maelfu kwa saa hawafanyi kazi moja, hata kama zote zinaitwa kuchinja. Mwaka 2020, korona ilipoanza, viwanda vya nyama vya Marekani na Ujerumani vilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuchomoza maambukizi makubwa, kwa sababu watu walisimama bega kwa bega kwenye baridi na kelele. Wengi walikuwa wahamiaji. Kuku wa bei rahisi ana watu wa bei rahisi nyuma yake.

Dawa nitazipitia upesi, si kwa sababu ni jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waligundua kwamba vifaranga waliochanganyiwa mabaki ya utengenezaji wa antibaiotiki hukua haraka zaidi, na kuanzia hapo dawa ikawa sehemu ya chakula, mgonjwa na mzima wote wakapewa. Vijidudu vikajifunza. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibaiotiki za kukuzia mwaka 2006, Marekani ikafuata mwaka 2017 kwa zile zinazotumika pia kwa binadamu. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Sehemu kubwa ya lawama ni ya hospitali na sisi tunaomeza dawa bila kupimwa, lakini banda lina fungu lake, na rafiki yangu aliponionyesha ndoo ya dawa ya "kuwakinga tu" sikuuliza zaidi. Nilikuwa mgeni wake.

Najua wapo wasomaji wanaosubiri tangu aya ya kwanza waniambie: acha vyote. Kula mikunde. Wana haki. Nimezijaza safu zangu tatu kwa dengu, njegere na maharage, na kila safu ikatoka karibu tupu. Hakuna hoja ya hesabu inayoweza kuishinda sahani ya dengu, na kila nikijaribu kuitafuta naishia kutunga visingizio. Kinachonizuia si hoja. Ni kwamba napenda nyama, na nimeona aibu kuandika sentensi hiyo kuliko nyingine zote hapa.

Ila sipendi inapoambiwa kila mtu kwa sauti moja. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Mwenye duka la dawa karibu atanunua kidonge, asiye nalo anahitaji yai au maziwa. Kwa mtoto mdogo anayelishwa uji mtupu, yai moja kwa siku linaweza kuleta tofauti kubwa mwilini mwake, na mama yake hapaswi kulaumiwa na mtu yeyote wala kuomba radhi. Familia ambayo mbuzi ndio benki yake, anayeuzwa mtoto akiugua, haimo kwenye kesi ninayoizungumzia. Kesi ni yangu mimi, ambaye hakuna nilichopungukiwa. Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, lilisema mwaka 2015 kwamba nyama zilizosindikwa kama soseji husababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu huenda nayo ikasababisha. Hata mwili wangu haudai kiasi ninachoupa.

Na ile nyama ya maabara? Ilionjwa hadharani London mwaka 2013, Singapore ikaruhusu iuzwe mwaka 2020, Italia ikaipiga marufuku mwaka 2023 kabla hata haijafika sokoni. Nitaila siku ikiwa na bei ninayoimudu. Siwezi kuitumia leo kama msamaha.

Kwa hiyo nakula namna gani sasa? Vibaya, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Siku nyingi za wiki ni mikunde. Kuku wa banda refu nimemwacha kabisa, yule ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ushahidi wangu wa wema. Mara chache, labda mara moja kwa mwezi, nanunua nyama ya ng'ombe wa maziwa aliyemaliza kazi yake. Protini yake, kwa hesabu ya Poore na Nemecek, ina gesijoto kama theluthi ya ile ya ng'ombe aliyefugwa kwa nyama tu, kwa sababu mzigo umegawanywa na maziwa. Nyama yake ni ngumu. Inahitaji saa tatu motoni na subira. Dada yangu anasema ni adhabu niliyojitungia mwenyewe, na huenda ni kweli, lakini huila hadi mwisho.

Rafiki yangu hakukasirika nilipomwambia simli tena kuku wake. Alicheka, akaniambia nije basi nimsaidie kuwapakia, kwa kuwa vijana wawili walikuwa hawajafika. Nikaenda. Kuku hupakiwa usiku kwa sababu gizani hutulia. Taa zilizimwa, ikabaki tochi moja ya rangi ya bluu. Unainama, unapapasa, unashika mguu mmoja wa kila kuku, watatu mkono huu na watatu mkono ule, unanyanyuka nao vichwa chini, unaenda hadi kwenye kreti. Nilishangaa walivyokuwa na joto. Mwanzoni nilikuwa nahesabu, sita, kumi na mbili, kumi na nane, kwa mazoea ya lile daftari. Nilipofika mia mbili na kitu mtu aliniuliza jambo nikamjibu, na niliporudi kwenye hesabu ilikuwa imenipotea.